Futa Lisilohusika

Baba yangu alikuwa na kanuni moja kuhusu salamu, na aliirudia mara nyingi kiasi kwamba sisi watoto tuliijua kabla ya kuijua sala ya Baba Yetu. Aliyekutangulia kuja duniani, hata kwa msimu mmoja wa mahindi, ni mkubwa wako, na mkubwa huamkiwa. Ukikutana na mtu njiani na hamjui nani ametangulia, mnasimama, mnaulizana, mmoja anatoa shikamoo, mwingine anaipokea, kisha kila mtu anaendelea na safari yake. Niliwahi kumwona amemsimamisha mzee mmoja mwenye mvi kama yeye pembeni ya barabara ya kwenda Mbulu. Waliulizana mwaka, wakakuta ni mmoja. Wakaulizana mwezi, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hakika, wakaanza kuulizana kama mama zao walijifungua kabla ya palizi au baada ya mavuno. Mbuzi ambaye yule mzee alikuwa anampeleka mnadani alimaliza maharage ya jirani yote ya upande ule huku wao wakitafuta jibu.

Baba alishinda, kwa palizi. Alirudi nyumbani akatusimulia wakati wa kula, na kesho yake akatusimulia tena.

Lazima niseme alikuwa na sababu ya kuzoea kuamkiwa. Alikuwa dereva wa hospitali kwa zaidi ya miaka thelathini, enzi ambazo gari likionekana Haydom watoto walitoka darasani kulitazama. Aliwachukua wagonjwa kutoka vijiji ambavyo njia yake ilikuwa ni mto uliokauka. Alijua nyumba ya kila mtu kwa sababu karibu kila nyumba iliwahi kumwita. Akipita, watu waliokuwa shambani walinyoosha migongo na kuinua mkono, na yeye alipiga honi mara moja, fupi, kama mtu anayesema marahaba. Mimi nilikaa kiti cha mbele siku chache za likizo, nikadhani dunia nzima inamjua baba yangu.

Halafu alistaafu, na mji ukatufuata nyumbani.

Tulipojenga, nyumba yetu ilikuwa ya mwisho. Nyuma yake kulikuwa na mahindi, kisha mahindi mengine, kisha fisi. Miaka ilivyokwenda watu wakaja wakitaka viwanja, na baba akaukata ule upande wa shamba kipande kimoja baada ya kingine. Wakajenga wauguzi, walimu, wenye maduka, na watu waliojenga vyumba vya kupangisha ndugu za wagonjwa, maana mabasi yanashusha wagonjwa kila siku na ndugu zao lazima walale mahali. Siku hizi kitongoji chetu si mjini na wala si shambani. Asubuhi ng'ombe wanapishana na bodaboda, na hakuna anayekubali kwamba yule mwingine ndiye mwenye njia. Wageni hao ni watu wazuri tu. Kosa lao lilikuwa moja: walipita mbele ya baba wameweka vile vidude vya muziki masikioni, hawamwoni.

"Watu wanalala juu ya mahindi yangu," baba alikuwa akisema, "na hakuna hata shikamoo."

Ilipotangazwa kwamba kuna uchaguzi wa serikali za mitaa, akaenda kuchukua fomu ya kugombea uenyekiti wa kitongoji. Alituambia usiku huo huo, akiwa amesimama, kana kwamba tayari yuko mkutanoni. Alisema anataka kushughulikia maji, taa na mbuzi wanaozurura. Mimi nilimwamini. Mama, ambaye alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Baba yenu hataki maji," aliniambia baadaye jikoni. "Anataka kuamkiwa."

Nilicheka. Mama hakucheka. Alisema baba amekuwa akiamka alfajiri anazunguka nyumba, na juzi alimwuliza kama akifa leo, ni wangapi katika nyumba hizi mpya watakaojua ni nani amekufa. Baada ya hapo sikuona tena uchaguzi ule kama jambo la maji na taa. Niliacha kucheka pia, kwa siku kama mbili.

Mpinzani wake alikuwa mwanamke mmoja tuliyezoea kumwita Mwenye Vyumba, kwa sababu ana safu ya vyumba vya kupangisha nyuma ya duka lake. Ni Mwislamu, wa familia ya biashara ya Dongobesh, na alihamia kwetu kama miaka minane hivi iliyopita, ambayo kwa hesabu za baba ni juzi. Ni mwembamba, hutembea haraka, hina haikosekani vidoleni, na ukimwona kwa mbali na ushungi wake ulionyooshwa vizuri utasema ni mama wa miaka hamsini na kidogo. Yeye anasalimia kila mtu, na anaanza yeye. Watoto anawasalimia kwa majina. Wagonjwa wanaoshuka kwenye basi anawasalimia kabla hawajapata chenji yao.

Na baba alisalimiwa naye hivi, kila asubuhi, kwa miaka minane: "Habari ya asubuhi, mzee mwenzangu."

Hilo neno la mwisho ndilo lililokuwa mwiba. Baba hakuwahi kuliitikia hata siku moja. Alikuwa anakohoa, anatazama mlima.

"Mwenzake kwa lipi?" alituuliza. "Mimi na yeye tulichunga wote? Angesema shikamoo angepungukiwa nini?"

Vyama vyao sitavitaja. Vilileta fulana na kofia, vikaondoka, vikatuachia wagombea wetu tuhangaike nao. Mimi ni fundi cherehani, na mashine yangu iko kibarazani, njia panda kabisa, kwa hiyo kampeni nzima ilipita mbele ya macho yangu bila mimi kusimama. Mwenye Vyumba alikwenda nyumba kwa nyumba. Alikaa kwenye vigoda vya watu, akachambua nao mboga, akaulizia mtoto anayekohoa. Baba yeye alisimama njia panda. Alivaa koti lake la sherehe, akaweka mikono nyuma, akasimama pale akisubiri wapiga kura waje wamwamkie, ili akishapokea salamu awaombe kura.

Kijana mmoja akapita na simu yake. Hakusalimia. Baba akamsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona.

"Baba," nikamwambia, "huyo ana kitambulisho na amejiandikisha. Umemwomba kura?"

"Hajanisalimia. Nitamwombaje kura mtu ambaye hajanisalimia?"

"Msalimie wewe."

Alinitazama kama nimemwambia avue koti na kulichoma moto.

Siku ya tatu vijana walikuwa wamegundua njia nyingine inayopita nyuma ya mashine ya kusaga. Walizunguka mbali ili wasikutane na mgombea. Hapo nikaona mambo yanaharibika, nikajiteua mwenyewe kuwa meneja wa kampeni. Hakuna aliyenipinga kwa sababu hakuna aliyeitaka kazi hiyo.

Mkutano wake mkubwa ulikuwa Jumamosi, kwenye uwanja karibu na shule. Nilimwandikia hotuba kwenye daftari, kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yake, na pale ambapo nilitaka apumzike au aonyeshe sura nzuri nikaandika maelekezo kwenye mabano. Tulifanya mazoezi zizini, ng'ombe wakiwa ndio wananchi. Ugomvi wetu ulikuwa kwenye mstari wa kwanza. Niliandika: "Shikamooni wazee wangu. Habari zenu vijana."

"Wazee gani?" baba akauliza. "Katika kitongoji hiki aliyenizidi ni bibi mmoja tu, na hasikii."

"Basi mwamkie huyo mmoja. Watu waone unajua kushuka."

"Huyo mmoja haambiwi shikamooni. Huyo ni shikamoo."

Tulibishana mpaka mama akatoka na kutuambia ng'ombe wanataka kukamuliwa. Mwishowe alikubali. Nilijiona nimefanya kazi kubwa sana ya siasa.

Jumamosi ikafika. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, kwa sababu kulikuwa na spika na spika zilipiga muziki. Wanafunzi nao walikuwepo, na bodaboda wote wa njia panda, na wauguzi waliotoka zamu. Yule bibi alikuwa amekaa mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki, amejifunika shuka. Mwenye Vyumba mwenyewe alikuwa amesimama pembeni kwa adabu, kuja kusikiliza.

Baba akapewa kipaza sauti. Kikalia. Akakisogeza mbali, kikanyamaza, akakirudisha, kikalia tena. Nadhani hapo ndipo mstari wa kwanza ulipomtoka kichwani, akabaki na neno moja tu, lile tulilogombania juma zima. Akavuta pumzi, akawatazama wote, watu wazima na wadogo, wanafunzi, bodaboda na wauguzi, akasema kwa ile sauti yake ya kuita watu upande wa pili wa mto:

"Shikamooni."

Akanyamaza. Alikuwa anatafuta "wazee wangu". Hakulipata.

Na watu wa kwetu, ukiwaambia shikamooni, ulimi unajibu wenyewe. Hata akili haiulizwi. Uwanja mzima, kuanzia mtoto wa chekechea mpaka muuguzi, ukaitikia kwa sauti moja ndefu: "Marahabaaa."

Kila mtu akasikia alichosema mwenyewe. Kisha kicheko kikaanzia kwa wanafunzi, kikafika kwa bodaboda, kikaenda mpaka kwenye nyaya za spika. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilificha uso kwenye kanga. Bibi wa mbele alikuwa anamwuliza aliye karibu naye, "Amesema nini? Amesema nini?" na kila alipojibiwa walicheka upya.

Baba alifungua daftari akaisoma hotuba yote kwa pumzi moja, bila kuinua macho. Aliisoma pamoja na mabano. Alisema atashughulikia maji hapa tabasamu kidogo, na taa za barabarani hapa nyamaza wapige makofi, na mbuzi wanaozurura. Hakuna aliyepiga makofi mahali palipoandikwa. Alishuka, akanirudishia daftari langu, akatembea kwenda nyumbani peke yake.

Tangu siku hiyo, kila alipopita njia panda, kulikuwa na kijana wa bodaboda aliyemwahi kabla hajafungua mdomo: "Marahaba, mzee." Hawakuwa na ubaya. Ni utani, na mtu mwingine angeucheka akapata kura zao zote. Baba alianza kupita ile njia ya nyuma ya mashine ya kusaga, ambayo vijana walikuwa wanaitumia kumkwepa yeye. Wiki ya mwisho ya kampeni hakutoka kabisa. Koti la sherehe likarudi kwenye msumari.

Alishindwa. Sina haja ya kutaja kura. Hazikuwa za aibu, lakini pia hakuna aliyedai zihesabiwe upya. Jioni ile kila mpita njia aliingia kutupa pole, na kila mmoja alileta methali ile ile, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Waliisema kama vile wameitunga wenyewe njiani. Baba aliwashukuru mmoja mmoja. Walipoondoka alituuliza, mimi na mama, kwa upole sana, kama nyumba hii ilimpa kura zote tatu.

"Mimi nilikupa," nikasema, na ni kweli. Nilimpigia kwa aibu ya lile neno shikamooni, zaidi ya kwa ajili ya maji.

Mama alikuwa anakoroga uji. "Kura ni siri," alisema. "Hata kanisani walitangaza."

Baba hakuuliza tena. Lakini nilimwona mama akikoroga ule uji muda mrefu kuliko uji wowote unavyohitaji.

Baada ya hapo baba akawa mtu wa uani. Mwenye Vyumba alipita asubuhi, akasema habari ya asubuhi mbele ya kibaraza chenye mimi na cherehani tu. Baba alikuwa nyuma, na ng'ombe wake wawili, akiwatazama wanavyokula kana kwamba ni kazi ya kuajiriwa. Kanisani alikwenda ibada ya kwanza, yenye watu wachache. Nilikuwa namtania ili aamke: nilimwambia ng'ombe nao wanasubiri uteuzi. Akawaongezea majani. Nilianza kuogopa. Nimewaona wazee wakistaafu kazi, lakini sikuwa nimewahi kumwona mtu anastaafu njia ya mbele ya nyumba yake.

Ndipo ikaja habari ya uhakiki wa pensheni. Wastaafu wote walitakiwa kufika na barua kutoka serikali ya mtaa wanakoishi, inayothibitisha kwamba mhusika ni mkazi, anajulikana, na yuko hai. Barua hiyo inasainiwa na mwenyekiti wa kitongoji kwanza, kisha unaipeleka kwa mtendaji agonge muhuri.

Baba aliisoma ile taarifa kwenye simu yangu mara mbili. "Yaani yeye ndiye aseme kama mimi niko hai."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nitakwenda mwenyewe. Wataniona."

Akapanda basi akaenda kwenye ofisi ya uhakiki, akasimama mbele ya karani, akamwambia, "Mimi hapa." Karani akamwamkia vizuri, akampa kiti, akamwambia, "Mzee, nakuona. Ila bila barua siwezi kujua kama uko hai." Baba alirudi jioni na vumbi la safari nzima kwenye kofia. Alisema karani ana malezi mazuri.

Alikaa na jambo hilo mpaka zikabaki siku nne uhakiki ufungwe. Mama alimpigia koti pasi bila kuulizwa, akalitundika mlangoni. Ijumaa asubuhi baba akalivaa. Aliniambia nifunge cherehani nimsindikize, kwa kuwa mimi ndiye meneja.

Ofisi ya kitongoji ni chumba kimoja kilichokuwa ghala la mahindi, na ukiingia bado unasikia harufu yake. Kuna meza, viti viwili na benchi la ukutani. Kwenye benchi walikuwa wamekaa muuguzi mmoja kijana aliyetaka barua ya kufungulia akaunti, na mmoja wa wale bodaboda wa marahaba. Yule bodaboda alimwona baba, akafungua mdomo, kisha akakutana na macho yangu, akaufunga.

Mwenye Vyumba alikuwa nyuma ya meza na miwani. Aliinuka nusu. "Habari ya asubuhi, mzee mwenzangu."

Baba akakohoa. Hakukuwa na mlima wa kutazama mle ndani, akatazama dari. "Nimekuja kwa ajili ya barua ya uhakiki," alisema.

"Karibu, kaa." Akatoa fomu kwenye jalada, ni zile za kujaza nafasi tupu, akaanza kuuliza maswali kama ilivyo kazi yake. Jina kamili. Baba akataja. Kazi ya zamani. Akataja, na akaongeza miaka yake yote ya udereva ingawa haikuulizwa. Umeishi kitongoji hiki tangu lini?

"Tangu hakijawa kitongoji."

Mwenye Vyumba akaandika kitu, sijui aliandikaje hilo. Halafu akauliza mwaka wa kuzaliwa.

Hapo nilimwona baba akikaa wima. Alikuwa amelisubiri swali hilo miaka minane. Akautaja mwaka wake polepole na kwa sauti, ili ufike hata kwenye benchi, kisha akaegemea nyuma. "Umeona?" alisema.

"Nimeona," akajibu Mwenye Vyumba. Aliandika mwaka, akaweka kalamu chini. "Mwaka huo mimi nilikuwa nimeshaanza kutumwa dukani na marehemu baba. Nilikuwa naweza kubeba kibaba cha sukari bila kumwaga."

"Haiwezekani."

"Fomu zetu za ugombea ziko hapo mlangoni tangu kampeni. Hamkuzisoma?"

Baba akanigeukia mimi. Nikaenda mlangoni. Karatasi zilikuwa zimechujuka kwa jua, pembe moja imeng'oka, lakini zilisomeka. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi nikasoma upande wa baba tu, kuhakikisha hawajakosea jina. Upande wa pili sikuwahi kuutupia jicho, meneja mzima. Nikausoma sasa. Nikapiga hesabu kwa vidole, nikaipiga tena, maana nilitamani nimekosea.

"Amekuzidi, baba," nikasema. "Misimu minne."

Sikuwa na haja ya kusema misimu ya nini. Kanuni ilikuwa ni yake mwenyewe, na kila mtu aliyewahi kusimamishwa naye njiani aliijua. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, na sasa mkuki ulikuwa umegeuka. Yule bodaboda alikuwa anatazama viatu vyake kwa bidii kubwa.

Angeweza kuondoka. Mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa nimesimama karibu nao, na nakiri nilisogea kidogo kumpisha. Badala yake alivua kofia, akaiweka juu ya goti. Aliinuka kwenye kiti, kwa sababu ndivyo alivyotufundisha, kwamba mkubwa haamkiwi umekaa.

"Shikamoo," alisema. Sauti haikuwa ile ya kuita watu upande wa pili wa mto.

"Marahaba," akaitikia Mwenye Vyumba. Hakucheka, wala hakuiharakisha. Aliipokea yote. "Habari ya nyumbani?"

"Nzuri."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Miaka yote hii nilikuwa nakuita mwenzangu kwa adabu tu," alisema, akichukua tena kalamu. "Nilijua nimekuzidi. Lakini mtu mzima haombi salamu. Na mimi nilikuwa nasubiri."

Nilimtazama baba. Nilitegemea kumwona amepungua. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepita njia ndefu usiku akidhani yuko peke yake, kisha akasikia mwingine naye anakohoa huko mbele. Alikaa. Akavuta kiti karibu na meza.

Mwenye Vyumba akaendelea kujaza mpaka akafika mstari wa mwisho. Niliusoma kichwa chini miguu juu. Uliandikwa: mtajwa hapo juu ninamfahamu, alama ya mkwaju, simfahamu, na kwenye mabano, futa lisilohusika.

Kalamu yake ikasimama pale. Ilisimama kwa sababu wino ulikuwa unakata. Aliitikisa, akaijaribu kwenye kona ya gazeti, akaitikisa tena. Ila baba hakuliona hilo. Alikuwa anayatazama yale maneno mawili tu, na mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza. Nilijua ni nini alikuwa anasubiri, na nilijua kwamba hakukisubiri kwa ajili ya karani wa uhakiki. Niliumia, nikatamani ningemnunulia yule mama kalamu mpya siku ile ile ya kwanza ya kampeni.

Wino ukaja. Akapitisha mstari mwembamba juu ya "simfahamu", akatia saini, akaigeuza karatasi upande wa baba.

Baba hakuichukua. Aliinamia meza, akaweka kidole pembeni ya lile neno.

"Dada," alisema, "bado linasomeka. Lifute vizuri."

Mwenye Vyumba akamtazama juu ya miwani. Kisha akaivuta karatasi, akaweka rula, akapitisha kalamu mara ya pili, na mara ya tatu, mpaka pale palipokuwa na neno pakawa peusi tupu.